Nani Anasema, Nani Anadai

Habari nyingi za kimataifa tunazozisoma siku hizi kwa Kiswahili hazikuandikwa kwa Kiswahili. Zimetoka kwa shirika la habari la Kiingereza, zikapitishwa kwenye programu ya kutafsiri, mhariri akanyoosha ngeli na majina ya miji, zikapandishwa mtandaoni kabla chai yake haijapoa. Makosa ya ngeli wasomaji huyaona upesi na kuyacheka. Lipo jambo jingine linalopita bila kuguswa na mtu: penye 'claim' kwa Kiingereza mashine huweka 'dai', na penye 'dai' sisi hulipokea neno hilo kama alama ya uangalifu. Tumeshalizoea hata katika habari tunazoziandika wenyewe. Mwandishi mchanga akifika chumba cha habari, moja ya masomo ya mwanzo anayopewa ni hili: weka 'inadaiwa', utakuwa salama. Gazeti linaloandika 'anadaiwa' huonekana limekomaa, halihukumu, limesimama katikati.

Naamini tumelielewa neno hili kinyume. Kitenzi 'claim' hakijawahi kusimama katikati. Waandishi na wahariri wa Kiingereza wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wale waliolijenga gazeti kwa sura tunayoijua leo, walikigombania kwa miaka mingi, na baadhi yao walikipiga marufuku kabisa. Sisi tumekirithi kitenzi, tukakivisha 'dai' letu, lakini ule ugomvi hatukuurithi. Matokeo yake ni kwamba kila siku tunatoa hukumu ndogondogo juu ya nani aaminike na nani ashukiwe, huku tukijisifu kwamba hatujahukumu mtu.

Tuanze na asili, kwa sababu maneno haya mawili yana udugu wa ajabu. 'Claim' lilitoka Kilatini, 'clamare', maana yake kupaza sauti, kuita. 'Dai' letu limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana hiyohiyo ya kuita, mzizi uliotupa pia 'dua'. Njia mbili tofauti, moja ya Roma na moja ya bahari yetu, na zote mbili zimefika mlango mmoja: mtu anaita ili apewe kilicho chake. Wachimba dhahabu wa California baada ya 1848 walikiita 'claim' kile kipande cha ardhi walichokiwekea vigingi na kusema ni chetu. Kwetu mdai ni mwenye haki yake mkononi mwa mwingine, na mdaiwa ni yule mwenye deni. Ndiyo maana sentensi 'Juma anadaiwa' hadi leo haijitoshelezi. Ukiongeza 'laki tatu', Juma ana deni. Ukiongeza 'kuiba', Juma ana kesi. Katika matumizi yote mawili kuna haki inayogombaniwa, na kuna mtu ambaye bado hajapewa anachokitaka.

Ugomvi wa Kiingereza ulianzia hapo hapo kwenye haki. William Cullen Bryant, mshairi aliyehariri gazeti la New York Evening Post kwa takriban nusu karne hadi alipofariki mwaka 1878, alikuwa na orodha ya maneno ambayo waandishi wake hawakuruhusiwa kuyatumia. 'Claimed' likiwa na maana ya 'alieleza' lilikuwamo. Mwaka 1909 Ambrose Bierce, mwandishi wa magazeti wa San Francisco mwenye kalamu kali, alilirudisha neno hilo katika orodha yake mwenyewe ya makosa ya uandishi: huwezi kusema 'I claim' pale unapotaka tu kusema kwamba jambo fulani ni kweli. Mwaka 1918 William Strunk, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Cornell, alilieleza kwa ufupi ambao sijaona aliyeupita. Alisema kitenzi hiki kinakubalika pale mtu anapodai kitu kiwe chake, mfano anayejitaja kuwa mrithi pekee aliyebaki. Lakini kisitumiwe badala ya kutangaza, wala badala ya kushikilia msimamo, wala badala ya kutuhumu. Na mwaka 1926 H. W. Fowler wa Uingereza naye akakitia kwenye kamusi yake ya matumizi ya lugha kwa malalamiko yaleyale. Kwa kulinganisha, gazeti la Mambo Leo lilikuwa limeanza Dar es Salaam mwaka 1923. Uandishi wa habari wa Kiswahili ulikuwa unajifunza kutembea wakati wakubwa wa Kiingereza wakigombania neno ambalo baadaye tungelibeba kichwani.

Watu wengi husoma malalamiko hayo kama kero za wazee wa sarufi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini soma tena vitenzi vitatu vya Strunk. Kutangaza, kushikilia, kutuhumu. Hivyo ni vitendo vitatu tofauti kabisa, na kila kimoja kinamtaka msomaji awe na tahadhari ya aina yake. Anayetangaza hana mpinzani bado. Anayeshikilia tayari amepingwa. Anayetuhumu amemnyooshea mwingine kidole. 'Claim' lilivimeza vyote vitatu, na msomaji akabaki hajui mbele yake kuna tangazo, ubishi au tuhuma. 'Dai' la magazetini nalo limevimeza hivyo hivyo.

Kwa nini magazeti yalilipenda? Zama zile gazeti lilikuwa limebadilika. Simu za maandishi zilileta maneno ya watu wa mbali kwa saa chache, mahojiano yalikuwa yameota mizizi, na shule za kwanza za uandishi wa habari zilikuwa zinafunguliwa Marekani, Missouri mwaka 1908 na Columbia mwaka 1912. Mwandishi alianza kufundishwa kwamba kila neno litajwe mwenyewe. Ukurasa ukajaa kauli za watu, na kila kauli ikahitaji kitenzi cha kuibeba. Kitenzi 'say' kilionekana kimechakaa, kikaanza kutafutiwa wasaidizi.

Hata hivyo nakiri kwamba lipo tukio moja ambapo 'claim' lilikaa mahali pake hasa. Tarehe 1 Septemba 1909 daktari Frederick Cook alituma taarifa kutoka Lerwick, visiwa vya Shetland, kwamba alifika Ncha ya Kaskazini tarehe 21 Aprili 1908. Siku tano baadaye, tarehe 6 Septemba, Robert Peary akatuma yake kutoka Labrador: yeye alifika tarehe 6 Aprili 1909. Gazeti la New York Herald lilikuwa na Cook, New York Times lilikuwa na Peary. Katika simu yake ya maandishi kwa New York Times, Peary hakuandika kwamba ameifikia ncha. Aliandika kwamba anayo. Huyo alikuwa anadai kwa maana ileile ya wachimba dhahabu. Kila mmoja wa mahasimu hawa aliweka vigingi kwenye barafu na kusema hapa ni pangu, na gazeti lililoandika kwamba Cook anadai na Peary anadai lilisema kweli tupu.

Sasa tazama kilichofuata. Mwezi Desemba mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Copenhagen kilichunguza karatasi za Cook, kikasema hazithibitishi kitu. Kwa Cook, 'dai' likabaki limemganda. Peary alikubaliwa na National Geographic Society, na mwaka 1911 Bunge la Marekani likampa shukrani na cheo. Kwake kitenzi kikabadilika: hakuwa anadai tena, alikuwa amefika. Lakini ushahidi wake nao ulikuwa na mapengo. Waliokuwa naye siku ya mwisho ni Matthew Henson, msaidizi wake Mmarekani mweusi, na Wainuiti wanne, wenyeji wa nchi ya barafu: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Hakuwapo hata mmoja ambaye angeweza kuyahakiki mahesabu yake ya jua. Upande wa Peary ulikuwa umechapisha maelezo ya Wainuiti wawili waliosafiri na Cook ili kumwangusha. Ushahidi wa Wainuiti ukawa na uzito ulipomkandamiza mpinzani, lakini Peary na Wainuiti wake waliposimama mahali pale pale, mengi ya magazeti yaliridhika na neno la kiongozi. Ilichukua miaka karibu 80 kabla ya jarida la National Geographic lenyewe, mwaka 1988, kuchapisha uchambuzi wa msafiri Wally Herbert uliotilia shaka kwamba Peary alifika. Ushahidi wa Peary wa 1988 ulikuwa uleule wa 1909. Kitenzi kilimwondokea mapema mno, na kwa sababu ambazo hazikuwa za ushahidi.

Vita vikafanya jambo hili kuwa la kila siku. Tarehe 31 Mei 1916 manowari za Uingereza na za Ujerumani zilikutana katika Bahari ya Kaskazini, karibu na pwani ya Jutland. Berlin ilitoa taarifa yake kwanza, tarehe 1 Juni. Ilitaja manowari za Uingereza zilizozama, miongoni mwao Queen Mary, Indefatigable na Warspite. Magazeti ya upande wa Uingereza yalikuwa yameshazoea muundo mmoja kwa taarifa za adui, nao ni 'Berlin yadai'. Basi ipime taarifa hiyo kipande kwa kipande. Queen Mary na Indefatigable zilikuwa zimezama kweli, na Admiralty ya London, yaani wizara ya jeshi la majini, ikakubali hivyo katika taarifa iliyosomwa magazetini tarehe 3 Juni. Warspite haikuzama, iliumia, ikarudi bandarini. Na kulikuwa na kipande cha tatu ambacho hakikusemwa kabisa: Ujerumani ilikuwa imepoteza manowari yake kubwa Lützow, ikaificha habari hiyo hadi tarehe 7 Juni. Kwa hiyo katika taarifa moja kulikuwa na ukweli, kosa na kimya. 'Yadai' iliyafunika yote matatu kwa shuka moja. Msomaji wa London aliyefundishwa na kitenzi hicho kumshuku Mjerumani aliyashuku yaliyokuwa kweli kwa kiwango kilekile alichoyashuku yasiyo kweli, na kuhusu kimya hakuambiwa kitu. Hesabu ya mwisho ilikuwa Waingereza 6,094 waliokufa na Wajerumani 2,551. Kitenzi hakikumwandaa mtu kwa hesabu hiyo.

Sasa nije kwa wanaotetea neno hili, maana hawakosi hoja. Hoja nyepesi kuliko zote ni ya nafasi: kichwa cha habari ni chembamba, safu za gazeti la zamani zilikuwa nyembamba zaidi, na mhariri alihitaji kitenzi kifupi. Hesabu herufi. 'Claim' lina tano, 'say' lina tatu. Kwa Kiswahili 'adai' na 'asema' yanapishana herufi moja. Hakuna aliyebanwa na nafasi hapo.

Hoja ya pili ni ya sheria, na ndiyo inayosikika zaidi katika vyumba vyetu vya habari: 'inadaiwa' ni kinga dhidi ya kesi ya kashfa. Hii nayo haisimami. Sheria ya kashfa ya Kiingereza, ambayo sheria zetu za Afrika Mashariki zimeinyonya, ina kanuni ya siku nyingi kwamba anayeirudia kashfa hubeba mzigo kama wa aliyeianzisha. Kuandika 'inadaiwa fulani ni mwizi' ni kuitangaza kauli kwamba fulani ni mwizi. Ukiripoti kwa haki yaliyosemwa mahakamani unalindwa, lakini ulinzi huo unatokana na mahali yaliposemwa na uaminifu wa ripoti yako, hautokani na kitenzi. Na huko mahakamani tunalo neno halisi: mtu anashtakiwa. Wala 'inadaiwa' haina mdomo. Nani anadai? Strunk na Bierce waligombana na mtu aliyedai bila haki. Sisi tumefika mahali ambapo madai hayana hata mwenyewe.

Hoja ya tatu ni nzito na naiheshimu. Mwandishi si tarishi. Mtu akitoa kauli yenye harufu ya uongo, msomaji anastahili kuonywa, na 'asema' tupu inaweza kuusafisha uongo. Ni kweli. Lakini historia ya neno hili inaonyesha kwamba onyo hilo lilikuwa likienda kwa wasiozoeleka kuliko kwa waongo. Chukua ndugu wawili wa Dayton, Ohio, Wilbur na Orville Wright. Tarehe 5 Oktoba 1905 ndege yao iliruka kwa dakika 39 na kwenda kilomita zipatazo 39 juu ya malisho ya ng'ombe. Mwezi Februari 1906 toleo la Paris la New York Herald liliandika kwamba watu hawa ama ni warukaji ama ni waongo. Mashaka yalikuwa ya haki kiasi, kwa kuwa ndugu hao walificha mashine yao. Lakini habari ya kwanza ya shahidi wa macho ilikuwa imeshachapishwa tangu Januari 1905, na iliyoichapisha ilikuwa jarida la wafuga nyuki. Mwenye jarida, Amos Root wa Medina, Ohio, alifunga safari hadi Dayton, akasimama kwenye yale malisho mwezi Septemba 1904, akaiona ndege ikizunguka duara na kurudi ilikotoka. Hakuhitaji 'dai'. Aliandika alichokiona. Magazeti makubwa yenye fedha na waandishi yalibaki na mashaka yao hadi Wilbur aliporuka mbele ya umati karibu na Le Mans, Ufaransa, mwezi Agosti 1908. Kwangu hilo ndilo jibu la hoja ya tatu. Ukishuku, nenda ukaone, au mwambie msomaji umeomba ushahidi gani ukanyimwa. 'Amesema, lakini hakuonyesha karatasi alizoombwa' ni onyo kamili, na aliyetajwa anaweza kulijibu. 'Amedai' ni kukonyeza jicho, na aliyekonyezewa hana la kujibu.

Tuje nyumbani. Chukua gazeti lolote la Kiswahili la wiki hii, tafuta habari ya mgogoro wa ardhi au ya kifo chenye utata, piga mstari chini ya kila kitenzi cha kauli. Kamanda amethibitisha. Mkurugenzi amebainisha. Waziri amesisitiza. Msemaji amefafanua. Kisha utawafikia wananchi, na wananchi wamedai. Ndugu wa marehemu wamedai. Mama lishe aliyekuwa pale pale na kuona kwa macho yake amedai. Huyo kamanda huenda alikuwa ofisini, aliambiwa kwa simu, lakini yeye 'amethibitisha'. Kitenzi hakikufuata nani aliona. Kilifuata nani ana cheo.

Hilo lilinifika mwenyewe miaka ya nyuma. Niliandika habari ya mama mmoja mtu mzima aliyenieleza jinsi mpaka wa kiwanja chake ulivyosogezwa. Niliandika 'alisema' mara nne, na gazeti lilipotoka zote nne zilikuwa 'alidai', huku ofisa aliyezungumza nami kwa simu akiwa 'amefafanua'. Nilipompelekea nakala alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, akasimama kwenye neno la kwanza. 'Mwanangu,' akaniambia, 'mimi nilidai nini? Simdai mtu hata shilingi. Nilikueleza nilichokiona.' Nilitaka kumweleza kwamba ndiyo lugha ya magazeti, nikaona aibu.

Ninachopendekeza ni kidogo. 'Sema' na 'eleza' viwe ndio vitenzi vya kawaida kwa kila mtu, waziri na mama lishe. 'Tuhumu' na 'shtaki' vitumike penye tuhuma na mashtaka, kwa kumtaja mwenye kutuhumu. 'Thibitisha' tumwekee aliyeleta uthibitisho, na si kila mwenye sare. Na 'dai' lirudi kwa wenye kudai: wafanyakazi wanaodai mishahara, wakulima wanaodai malipo ya korosho, wanavijiji wanaodai fidia. Hao wanapunjwa neno hili tunapolitawanya ovyo, kwa sababu msomaji aliyezoea kwamba 'kudai' ni kusema jambo la mashaka atakutana na 'wafanyakazi wadai mishahara' akiwa tayari nusu hawaamini.

Kuna mahali pamoja ambapo mashine ya kutafsiri hutushinda, na inafaa tuikubali. Kundi lenye silaha likilipua jengo kisha likatoa tangazo kwamba ni lenyewe, Kiingereza husema kundi hilo limefanya 'claim'. Mashine huandika 'limedai kuhusika'. Mara nyingi nimeona mhariri akilifuta hilo na kuweka 'limekiri kuhusika'. Kukiri ni kwa mtu aliyebanwa, anayekubali kosa. Hawa hawakubanwa wala hawakubali kosa. Wanataka kitendo kile kihesabiwe chao, kama Peary alivyoitaka ncha, na pengine hawakukifanya wao. Hapo 'dai' liachwe lilivyo.